Namba za wateja zimejaa simu nzima lakini ukimtaka mmoja humpati, tuzipange hapa

fundi_mipango

Wakuu habari za mida hii. Kazi yangu ni kuwapangia kumbukumbu watu wenye biashara ndogo, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ninunue programu gani ya kutunza wateja". Jibu langu huwa halipendwi: usinunue kitu kwanza. Ukichukua namba zilizovurugika ukaziingiza kwenye programu ya kulipia unabaki na vurugu ile ile, tofauti ni kwamba sasa unailipia kila mwezi.

Hali yenyewe mnaijua. Shika simu ya biashara, tafuta Juma. Inakuja Juma, Juma 2, Juma mpya, Juma vitanda, Juma vitanda USIPOKEE. Sasa huyo wa vitanda na huyo wa usipokee ni mtu mmoja ana laini mbili, Juma mpya sio mpya tena ni mteja wa siku nyingi, na Juma 2 hakuna anayemkumbuka. Hapo bado kuna daftari la kaunta, bado kuna faili la Excel alilolianza mtu akaliacha katikati, bado kuna imeili za wale waliouliza bei. Mteja mmoja yupo sehemu nne na kila sehemu inasema habari yake.

Kwahiyo jambo la kwanza ni kuamua orodha kuu ni ipi. Moja tu. Kama ni Google Sheets sawa, kama ni Excel sawa, kama ni Google Contacts kwa biashara yenye wateja wachache nayo sawa, ila vingine vyote vinakuwa ni njia ya kuingilia tu, namba ikiandikwa kwenye daftari leo basi kabla ya kufunga kazi imehamia kwenye orodha kuu na kwenye daftari imekatwa mstari. Watu wengi wanafeli hapa wala sio kwenye programu, wanakuwa na orodha mbili "za muda" alafu hakuna anayejua ipi ni ya kweli.

La pili ni namba. Zote ziandikwe kwa umbo moja, na umbo lenyewe lipo tayari halihitaji kubuniwa, ni ule mtindo wa kimataifa wa shirika la mawasiliano la ITU unaoitwa E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, alafu namba bila ile sifuri ya mwanzo, bila nafasi bila vistari, na jumla ya tarakimu haizidi 15. Kwanini nakomalia hili? Kwa sababu namba iliyoanza na sifuri, na hiyo hiyo iliyoanza na msimbo, na hiyo hiyo iliyotiwa nafasi katikati, kompyuta inaziona ni namba tatu za watu watatu. Majina huwezi kuyategemea, mtu leo anaandikwa Mohamed kesho Muhamed keshokutwa Mudi. Namba ikiwa na umbo moja ndo inakuonyesha nani kaandikwa mara mbili.

Naendelea chini ila ulizeni tu.

Kaunta_Queen

Mkuu asante, ila mimi nikiandika hiyo kujumlisha kwenye Excel inapotea yenyewe, nikibonyeza enter tu haipo. Na zingine zinageuka kitu kama 2.5E+11 sielewi ni nini, nikajua laptopu imeingia virusi

fundi_mipango

Sio virusi dada. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani unataka kufanya hesabu, kwahiyo sifuri ya mbele inaifuta (kwenye hesabu haina kazi), kujumlisha nako inakuondoa, na namba ikizidi tarakimu 11 inaifupisha kwa mtindo wa kisayansi ndo hiyo E+11 unayoiona.

Dawa: kabla hujaandika chochote chagua kolamu nzima ya namba, ingia sehemu ya kupanga fomati ya seli, weka Text. KABLA. Ukiweka baada, zile sifuri zilizokwisha kufutwa hazirudi.

Sasa kuna mtego mbaya zaidi hapo. Ukiwa bado unaona E+11 kwenye seli, namba kamili kwa ndani bado ipo, ukiipanua utaiona. Ila ukisevu faili kama CSV (faili la maandishi matupu ambalo programu nyingi zinalifungua) wakati inaonekana hivyo, CSV inaandikwa kile kinachoonekana, yani inaandika 2.5E+11 kama ilivyo na tarakimu zilizobaki zinakufa. Ukilifungua tena unakuta wateja kibao wana namba moja yenye masifuri mengi nyuma. Kwahiyo kabla ya kusevu CSV pitisha macho kwenye ile kolamu, usiwe na haraka.

Zamani_Zetu

Mnajisumbua sana vijana. Mimi daftari langu la jalada gumu lina kila mteja, halina virusi, haliombi pasiwedi, umeme ukikatika linasomeka.

fundi_mipango

Mzee shikamoo. Kwenye kutofutika kwa bahati mbaya daftari linatushinda wote, hilo silipingi. Swali langu ni moja: nikikuomba saa hizi majina ya wote walionunua kwako mwaka jana na mwaka huu hawajarudi hata mara moja, utanipa lini? Hao ndo watu rahisi kuwarudisha kuliko kutafuta wageni, na kwenye daftari wapo, ila wamelala kurasa tofauti tofauti. Ukiwa na kolamu ya tarehe ya mara ya mwisho kununua unafilta tu wote wanakuja mstari mmoja.

Zamani_Zetu

Marahaba. Hapo kwenye waliopotea ndo sina jibu. Endelea nasikiliza.

mchumi_wa_mtaani

Fundi mimi sikubaliani na wewe kwenye namba kuwa ndo utambulisho. Kuna familia nzima inatumia simu moja, kuna ofisi ukiipigia inapokea mapokezi na wateja wako watatu wapo humo ndani, na kuna mtu kabadili laini leo. Alafu laini iliyokaa bila kutumika kampuni ya simu inampa mtu mwingine, kwahiyo unaweza kuwa unamtumia ofa mtu usiyemjua kabisa

fundi_mipango

Hoja nzito, na nilikuwa naielekea. Kila mteja mpe msimbo wake, M0001, M0002 na kuendelea, hauhusiani na jina wala namba wala tarehe, na haupewi mteja mwingine hata huyu akiondoka. Huo ndo unamfuata maisha yote, akibadili laini unabadili laini tu, msimbo unabaki pale pale, risiti zake na madeni yake yote yameshikizwa kwenye msimbo. Kazi ya namba inabaki kuwa kukamata marudio. Namba moja ikitokea kwenye misimbo miwili sio lazima ufute, ni alama kwamba hapa paangaliwe, inaweza kuwa mume na mke.

Kuzikamata ni rahisi. Kama namba zipo kolamu B, tengeneza kolamu ya pembeni weka =COUNTIF(B:B,B2)>1 ushushe mpaka chini, kila penye TRUE kuna namba imejirudia. Inafanya kazi Excel na Google Sheets (kwenye baadhi ya kompyuta mipangilio inataka nukta-mkato badala ya koma, ukiona inagoma jaribu hivyo).

Usikimbilie kile kitufe cha Excel cha kuondoa marudio. Kile hakikuulizi yupi abaki, kinaacha mstari wa kwanza kutoka juu na kufuta wa chini yake. Kama wa juu ndo wa zamani na wa chini ndo wenye anwani mpya, umebakiza takataka umetupa mali. Ukilazimika kukitumia, soti kwanza kwa tarehe ya kusahihishwa, mpya zikae juu. Ila kwa orodha ndogo mimi nashauri fanya kwa mkono, mistari miwili ya mtu mmoja unaiunganisha: tarehe ya kwanza kuja chukua ya zamani, mawasiliano chukua ya karibuni, maelezo beba yote, ndo ufute.

pili_pili_za_data

Niongezee kwenye kusoti maana nimeona watu wanalia. Usichague kolamu moja ukasoti. Excel inakuuliza kama upanue uchaguzi ushike na kolamu za jirani, mtu anabonyeza tu ile nyingine apite. Matokeo yake majina yanajipanga A mpaka Z, namba zimebaki zilipokuwa. Yani faili linaonekana safiiii limepangika, lakini kila jina limeolewa na namba ya mtu mwingine. Na hutajua siku hiyo, utajua wiki ijayo ukimpigia mteja unamwambia mzigo wako tayari anakuuliza mzigo gani, na wakati huo ulishasevu ukafunga, ctrl+z ya kutengua haipo.

fundi_mipango

HII ISOMWE MARA MBILI. Na kinga yake ni kuigeuza orodha nzima iwe Table (Ctrl+T kwenye Excel), hapo mstari unatembea wote pamoja. Kwenye Google Sheets hata ukiharibu kuna historia ya matoleo, unarudi kwenye faili lilivyokuwa jana. Google Contacts nayo ina sehemu ya kutengua mabadiliko inarudi nyuma mpaka siku 30, wengi hawaijui wanaanza kulia wakati dawa ipo.

Kaunta_Queen

Sasa kolamu ziwe ngapi? Nimedownlodi mfano mmoja mtandaoni una kolamu mpaka nimechoka, tarehe ya kuzaliwa, kazi, idadi ya watoto..

fundi_mipango

Watoto wa mteja unawafanyia nini wewe? Kila kolamu usiyoitumia ni kolamu itakayokaa tupu, na mfanyakazi akizoea kuacha tupu moja ataacha na zile za maana. Mimi kipimo changu: kama hujui utafanya uamuzi gani kwa kutumia taarifa hiyo, usiiulize.

Kwa biashara nyingi inatosha msimbo, jina, namba, imeili kama anayo, alitujua kupitia nini, alinunua nini mwisho na lini, hali yake, tarehe ya mwisho kusahihisha na aliyesahihisha. Na kolamu ya maelezo, nitairudia hiyo maana ina mambo yake.

Tarehe ziandikwe kuanzia mwaka, yani 2025-04-03. Hapo hakuna wa kubisha kama ni tarehe tatu mwezi wa nne au tarehe nne mwezi wa tatu, na ukisoti zinajipanga zenyewe hata kama ni maandishi tu.

Hali yake usiache mtu aandike anavyojisikia. Weka orodha ya kuchagua, maneno machache: anauliza, mteja, amelala, asitumiwe. Ukiacha wazi utakuta mmoja kaandika VIP mwingine V.I.P mwingine "vip sana", ukitaka kuhesabu ni makundi matatu.

mgeni_njoo

Huyo "asitumiwe" si bora umfute tu? Mtu kasema hataki meseji zako unamuweka wa nini

fundi_mipango

Ukimfuta umesahau kwamba alikataa. Baada ya miezi unaokota faili la zamani, unaliunganisha na orodha kuu, anarudi kama mgeni, anapokea ofa, na safari hii hakujibu kistaarabu. Anayekataa matangazo mbakize na namba yake tu pamoja na hiyo alama, ili kila unapoingiza orodha nyingine unaipitisha kwanza hapo. Ila akisema futa taarifa zangu zote hiyo ni habari nyingine, toa historia yote, na angalia sheria ya nchi yako inasemaje. Umoja wa Ulaya wana GDPR ilianza kutumika 25 Mei 2018, na nchi nyingi nazo zina sheria zake za taarifa binafsi, msije mkadhani ni mambo ya makampuni makubwa tu.

Na kwenye imeili, mkiwaandikia wateja wote kwa mpigo anwani zao ziwekwe BCC. Ukiziweka CC kila mteja anaona za wenzake wote, umegawa orodha yako bure mpaka kwa mshindani aliyejiandikisha kimya kimya.

Sauti_ya_Stoo

Mimi nina donda langu hapa. Kijana wangu wa mauzo aliacha kazi, wateja wote alikuwa anaongea nao kwa simu yake. Hakuiba kitu, namba zilikuwa kwake tangu mwanzo. Mwezi uliofuata wananiuliza mbona umehama, kumbe kawafungulia duka lake. Sasa nifanyeje isijirudie maana siwezi kumnyang'anya mtu simu

fundi_mipango

Pole sana mkuu. Hilo ukilifukuza mlangoni siku anaondoka umechelewa, linawekwa siku anaanza. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina lako au la kampuni, simu iwe ya kazi, WhatsApp Business iwe kwenye laini hiyo. Akaunti yenye faili ifunguliwe kwa imeili ya biashara, wewe ndo mmiliki, yeye unampa ruhusa ya kuhariri tu, akiondoka unaitoa. Na usimshirikishe kwa ile linki ya "yeyote mwenye linki", hiyo inatembea mpaka usipoijua. Pasiwedi wawe nayo watu wawili, wewe na mtu unayemuamini, maana ukiugua siku moja biashara isifungwe nje.

Alafu kuna jambo watu hawalipendi. Kama mfanyakazi anaandika wateja kwenye simu yake, mara nyingi ni kwa sababu orodha yako ni ngumu kuijaza akiwa amesimama na mteja mbele yake. Mtengenezee fomu fupi kwenye simu, jina namba na alichotaka, sekunde chache kamaliza. Ikiwa ndefu atarudi kwenye simu yake na mimi simlaumu.

mchumi_wa_mtaani

Na bakapu je? Mimi nasevu kopi kwenye laptopu hiyo hiyo, folda nyingine 😅

fundi_mipango

Hahaha laptopu ikiibwa zimeondoka zote mbili zikishikana mikono. Kanuni ya watu wa kompyuta ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa biashara ndogo faili la kwenye wingu, kopi kwenye laptopu, na kopi kwenye diski inayokaa nyumbani imetosha. Kontakti za simu zitoe kwa faili la vcf, linafunguka kwenye simu karibu zote. Na usiishie kusevu, jaribu kuifungua hiyo kopi siku moja, kuna watu wana bakapu za faili tupu.

Zamani_Zetu

Kwani hiyo Excel inabeba watu wangapi? Isije ikajaa kama daftari.

fundi_mipango

Mistari 1,048,576 kwa faili la sasa la xlsx mzee, hutaimaliza. Ila lile la zamani la xls mwisho ni 65,536, na huko Uingereza mwaka 2020 visa 15,841 vya korona vilikosekana kwenye taarifa kwa sababu Public Health England, taasisi yao ya afya ya umma, walikuwa wanapitisha matokeo kwenye xls, ikajaa, yaliyozidi yakabaki nje. Kwa hiyo mkihamisha orodha kutoka faili moja kwenda lingine hesabuni mistari kabla na baada. Kama ilikuwa 840 na huku zimefika 811 simama hapo hapo, utafute 29 wameangukia wapi.

Kaunta_Queen

Ulisema utarudia ile kolamu ya maelezo

fundi_mipango

Ndio. Maelezo andika kana kwamba mteja amesimama nyuma yako anasoma, kwa sababu siku moja atasoma. "Anapenda apigiwe jioni", "ana deni, aliahidi mwisho wa mwezi", "alilalamika zipu ilikatika, tukabadilisha", hayo ni ya kazi. "Mbahili", "mkali", "anajifanya ana hela" hayo yaache moyoni.

Na jambo hilo hilo kwenye kolamu ya jina, hapa ndo watu wanaumbuka. Zile meseji za kutuma kwa wengi zinavuta jina lilivyo kwenye orodha. Kama ulimsevu "Juma Msumbufu Deni" basi Juma atapokea "Habari Juma Msumbufu Deni, tunakukaribisha kwenye ofa yetu". Weka kolamu ya namna ya kumwita, Mama Asha, Mwalimu, Dkt fulani, meseji zivute hiyo. Kabla ya kutuma kwa wote jitumie wewe na mwenzako mmoja kwanza.

Tukiwa kwenye kutuma: orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na anayeipata ni yule aliyesevu namba yako. Mtu anatuma kwa mia mbili anashangaa wamejibu sita, wengine haikuwafikia kabisa.

pili_pili_za_data

Mkuu hapo kwenye CRM, yani hizo programu za kulipia za kutunza wateja, umezikandia sana mwanzoni. Zina kazi yake bwana, kukumbushwa nani wa kupigiwa leo, nani kaongea na nani. Excel haikukumbushi kitu

fundi_mipango

Sijazikataa, nimesema zisubiri. Mkiwa watu watatu mnahudumia wateja hao hao na mnaanza kugongana, mmoja kapiga asubuhi mwingine kapiga mchana swali lile lile, hapo nunua. Ila uliza jambo moja kabla ya bei: siku nikitaka kuondoka natoka na wateja wangu kwenye CSV kamili, pamoja na historia? Wakianza kuzunguka kukujibu, potea.

mgeni_njoo

Nina kontakti 1,900 kwenye simu nusu sijui ni nani. Nianzie wapi? nikiangalia tu nachoka

fundi_mipango

Usianze na A. Anza na walionunua miezi mitatu hii, vuta risiti na meseji zao, hao waandike kikamilifu. Wengine kila atakayepiga au kuja, msafishe siku hiyo hiyo akiwa bado kwenye laini: "naomba nihakikishe, hii ndo namba yako unayotumia?" Waliobaki wasiojulikana waweke faili la pembeni, usiwafute, usiwatumie matangazo. Na mpe mtu mmoja jukumu, kwa jina. Ukisema "wote tusafishe" hakuna atakayesafisha.

Kaunta_Queen

Nimeweka Text nikapesti namba kutoka kwenye meseji, nyingine COUNTIF inasema FALSE wakati naziona kwa macho ni sawa kabisa??

fundi_mipango

Zimebeba alama zisizoonekana. Ukikopi namba kutoka kwenye meseji au ukurasa wa mtandao huja na nafasi za ajabu ambazo hata TRIM, ile fomula ya kufuta nafasi, haiziondoi zote. Jaribu =LEN(B2) kwenye hizo mbili, utaona moja ina herufi zaidi ya mwenzake. Zikiwa chache zifute uziandike upya kwa kidole. Zikiwa nyingi tupia hapa mfano mmoja, tarakimu nne za mwisho uzizibe, tuone ni alama gani.